Namba Mbili za Moshi

Tarehe 4, mwezi wa tisa

Kaye hii ni daftari ya namba. Gustave, kijana wa proje ya majiko, alinipa leo pamoja na biki ya bluu, akasema: "Mama Dancille, kila asubuhi unaandika namba mbili, kila mangaribi namba mbili. Basi." Hakusema nisiandike kitu kingine. Karatasi iko mingi, na mimi sijapata kitabu yangu mwenyewe tangu nizaliwe.

Shule sikuenda. Baba alisema shule ni ya kaka zangu, mimi nichunge ng'ombe. Herufi nilifundishwa nikiwa na mvi, na wamama wa parokia hapa Kashuga, ili nisome Zaburi. Kwa hiyo mwenye kusoma hapa asinicheke. Na akicheka, acheke, meno ni yake.

Sanduku wameitundika ku ukuta wa jiko, juu kidogo ya kichwa yangu, hatua tatu toka ku mafiga. Ni nyeupe, ukubwa wa Biblia. Chini iko na matundu mawili. Gustave anaita kapteri. Mimi naita pua, sababu kazi yake ni kunusa moshi. Pua A na pua B. Kila moja inasema namba yake ku kioo kidogo. Namba ikipanda, moshi imepanda.

"Sababu gani mbili?" nilimuuliza. "Mimi niko na pua moja na nanusa vizuri."

"Moja ikianza kudanganya, ingine itatoboa siri yake."

Hiyo nilielewa mbio. Ku soko mimi ni mupimaji wa maharagi. Gunia ikiuzwa, muuzaji analeta mupimaji wake na mununuzi analeta wake, kila mumoja na ndoo, na wanapima mara mbili. Mimi na jirani yangu Généreuse tumesimama hivyo mbele ya gunia miaka makumi mbili, tukitukanana.

Proje itajenga jiko ya sheminee, ile yenye bomba ya kutoa moshi inje, mu nyumba kumi na mbili zenye hewa mbaya kupita zingine. Wataangalia mvua yote mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Sheminee siiombei macho yangu, haya yamekwisha. Naiombea Béata.

Béata ni mutoto wa Luc, kitinda mimba wangu. Iko na miaka ine. Luc anachimba madini kule Walikale, tunamuona mara moja ku mwaka. Béata na mama yake Josiane wanakaa na mimi. Kifua ya huyu mutoto inaimba. Ukiweka sikio ku mugongo wake unasikia sawa paka ndani ya kikapo. Muganga wa sante, ile zahanati yetu, amesema mara tatu: ni moshi, Mama. Ni moshi.

Mangaribi: A 64, B 69.

Tarehe 5

A 31, B 34. Mangaribi A 58, B 63. Hakuna habari.

Tarehe 8

Généreuse amekuja kuona sanduku. Alisimama mbele yake, akapanga kitambaa ya kichwa.

"Inapiga picha?"

"Haipigi."

"Inasikia tukisema?"

"Généreuse, kama ingesikia vile weye unasema, ingeisha kukimbia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wakati wa kutoka alipita pembeni, mbali na matundu.

A 49, B 55.

Tarehe 12

Mvua ya kwanza. Paa inavuja palepale pa mwaka jana. Luc alisema ataitengeneza. Luc anasema mingi.

Tarehe 14

Leo nilimukuta Josiane anapikia inje, ku kibanda ya mbuzi, mvua inamurushia mugongo. Béata amekaa mu mulango na kipande ya muhindi.

"Josiane, chungu inafanya nini kule?"

"Mama, kuni zimelowa. Ndani zinatoa moshi sana, mutoto anakohoa."

"Na sanduku itanusa nini? Itaandika ya kwamba humu tunapikia jua? Watatupita, watajengea wengine!"

"Mama, siku moja tu."

"Siku moja njo inaharibu. Leta chungu."

Aliileta. Josiane hana mudomo. Iko na mikono ya muntu aliyelelewa kwa huruma, ananawa mara tatu mbele ya kugusa unga. Nilisema mu roho: huyu ni mulegevu na muvivu, hajui kupigania kitu. Mimi najua.

Mangaribi: A 212, B 231. Nilipiga makofi.

Tarehe 17

Wanataka kuona moshi? Nitawaonyesha moshi.

Kuni kavu nilizonunua ku soko nimezipandisha juu ya dari, zingoje Noeli. Mu mafiga naweka kuni za karatusi mubichi na vigunzi vyenye vililala inje. Mulango nafunga mapema. Moshi inateremka mpaka ku magoti, unatembea umeinama sawa unatafuta sindano.

A 388, B 351.

Béata alikohoa mpaka akatapika. Nilimubeba mugongo, nikamuimbia. Akasema: "Tate, macho inauma." Tate njo nyanya yake, njo mimi. Nikamujibu: "Vumilia, roho yangu. Unavumilia mvua moja, kisha unapumua maisha yote."

Akavumilia. Mutoto wa miaka ine.

Tarehe 18

A 360, B 397.

Tarehe 21

Hakuna soko. Barabara imefungwa, risasi zililia upande wa mulima toka asubuhi. Tulikaa ndani wote watatu, mulango umefungwa, moto unawaka.

A 402, B 447.

Tarehe 22

A 419, B 380. Josiane hanisemeshi. Anasongea ugali sawa anapiga muntu.

Tarehe 25

Ku sante. Dawa ya maji ya kikohozi, chupa moja. Muganga, Samy, kijana wa ndevu kidogo, aliniuliza: "Mama, moshi bado?" Nikasema: "Tunaishughulikia." Nilisema hivyo na kifua mbele.

Tarehe 29

A 377, B 411. Generali wa moshi njo mimi.

Tarehe 5, mwezi wa kumi

Gustave alifika saa ine, matope mpaka ku magoti. Nilimupa viazi na chai ya maziwa, nikamuita mutoto wangu. Nilikaa mbele yake sawa muntu anayengoja mahari. Akachomeka kamba yake ndani ya sanduku, akaangalia tabeleti. Akaangalia tena. Akaweka kiazi chini.

"Mama Dancille. Siku makumi tatu na moja. Zenye zimekubaliwa ni kumi na mbili."

"Na zingine?"

"Zimetupwa."

"Nani alizitupa? Mulete hapa."

"Si muntu, Mama. Ni sheria ya proje. Kapteri mbili hazipaswi kupitana zaidi ya kumi. Zikipitana kumi na moja, tabeleti inasema moja ni mugonjwa. Haijui ni gani, basi inatupa siku yote."

Nilifungua kaye hii. Nikaweka kidole. Makumi sita na ine, makumi sita na tisa?

"Imekubaliwa. Zinapitana tano."

Mia mbili na kumi na mbili, mia mbili na makumi tatu na moja?

"Imetupwa. Zinapitana kumi na tisa."

Tulishuka vile, kurasa kwa kurasa. Tulifika siku tulienda wote mazishi kule kambi ya wakimbizi, nyumba ikashinda bila moto. A nane, B kumi na saba.

"Imekubaliwa," akasema Gustave.

"Imekubaliwa?"

"Zinapitana tisa tu."

"Gustave. Kumi na saba ni nane mara mbili na kidogo juu. Mumoja ameona mbuzi moja, mwenzake ameona mbuzi mbili, na weye unasema wanapatana. Wale wengine wameona mbuzi mia mbili na zaidi, wamepitana kumi na tisa, unasema wanapigana?"

Alitaka kucheka. "Sheria, Mama."

"Acha nikueleze, mimi mwenye sikusoma. Mimi na Généreuse tukipima ndoo moja ya maharagi, tunaweza kupitana konzi moja, ni kusema mukono moja umejaa. Hakuna maneno. Tukipima gunia ya ndoo sita, tunaweza kupitana konzi sita, na hakuna mwenye anaita mwenzake mwizi, sababu kila ndoo iko na konzi yake ya kusamehewa. Hivyo tulikuta kwa mama zetu. Lakini tukipima kikombe, kikombe tu, na yeye akanipita konzi moja, pale nafunga kitenge kiunoni. Pale kuna mwizi. Kusamehe kunafuata muzigo. Weye unasamehe kikombe na gunia konzi ileile moja! Huyu alifanya sheria yenu hajapima hata chumvi."

Hapo hakucheka. Alishika tabeleti mu mikono, akaanza kufanya hesabu yake kimya, midomo inatembea. Kisha akasema pole pole: "Kumi na tisa ku mia mbili. Ni kidogo. Ni kidogo sana. Mama, kapteri zako ni wazima."

"Najua ni wazima. Ni nyumba njo mugonjwa. Rudisha siku zangu."

"Siwezi. Tabeleti haina masikio. Nitaandikia wakubwa Goma."

"Andika sasa."

"Rezo hakuna, simu haishiki."

"Panda mulima."

Akapanda. Kijana wa watu, na ile matope. Nilimuona juu kule, mukono umenyooshwa na telefone, anazunguka sawa muntu anayefukuza ndege ku mutama.

Alipoenda nilibaki na kaye. Nikatia alama ku siku zenye zilikubaliwa. Ni za mwanzo, mbele ya mvua. Ni siku ya mazishi. Ni siku mbili nilikuwa shamba na Josiane akapikia inje kwa kujificha. Zenye zimetupwa ni zangu. Zote. Siku zote nilifunga mulango, siku zote niliweka karatusi mubichi.

Ile moshi yote hakuna karatasi inaihesabu. Iko tu ndani ya kifua ya Béata.

Tarehe 6

Sikuandika namba.

Tarehe 7

Nimetoa chungu inje mwenyewe. Nimefunga karatasi ya plastiki juu ya kibanda ya mbuzi. Josiane alisimama na mufagio, akaniangalia.

"Mama, na sanduku?"

"Sanduku ikae na njaa."

Alingoja niseme ingine. Mudomo yangu yenye haichoki, leo ilichoka.

Tarehe 9

A 9, B 16.

Tarehe 12

A 7, B 15. Siku hizi tabeleti inapenda sisi. Béata alifukuza kuku mpaka ku njia, akarudi anahema lakini anacheka. Nilipika nikiwa nimelowa mpaka ku mifupa. Moto inje na mvua ni kazi ya mwehu: unapuliza, inakufa, unapuliza. Josiane alikuja akashika plastiki upande mumoja. Tulikula saa tisa maharagi yenye yanalia mu meno.

Niliona hii siku ya leo ya kwamba kunawa mara tatu si uvivu. Ni muntu anayechunga.

Tarehe 16

Mvua. Mvua. Mvua.

Tarehe 18

Mvua ya mawe imepasua plastiki na imeangusha kibanda. Mbuzi zimeingia nyumba. Baridi ya huku milimani si ya mutoto mugonjwa, vidole vyake vilikuwa vyeusi ku kucha. Nilifanya nini? Niliwasha ndani. Nilishusha kuni kavu toka ku dari, lakini kule juu paa ilivuja, zimeoza nusu.

A 296, B 271. Imetupwa.

Tarehe 24

Gustave amepiga simu kwa telefone ya Généreuse. Wakubwa wamepata neno letu. Wanasema ni neno lenye maana. Wanasema tungoje.

Généreuse akasema: "Neno lenye maana halichemshi maji."

Tarehe 27

A 240, B 262. Imetupwa.

Tarehe 30

A 233, B 259. Nimejaribu kupikia ku veranda. Upepo unarudisha moshi yote ndani.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na moja

Naandika hii tukiwa ku sante, ku benchi. Kaye niliibeba bila kujua, ilikuwa ndani ya kitenge.

Asubuhi Béata hakuamka vizuri. Alikaa ku kitanda, mikono ku magoti, mabega yanapanda na kushuka sawa ya muzee. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani. Nilimuita, akaniangalia tu, hakuwa na pumzi ya kusema Tate. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Josiane hakulia. Alimufunga ku kifua, akatoka mbio bila viatu. Huyu niliita mulegevu. Mimi nyuma, na magoti yangu haya, napiga kelele watu watoke ku njia. Mwenye kuuza sukari akauliza: "Mama Dancille, ni vita?" Nikasema ndiyo.

Samy alimuwekea ile mashini ya hewa, inafanya kazi na jua. Leo jua lilikuwa nyuma ya mawingu na mashini ilikuwa inakata. Ikikata, Josiane anapuliza uso wa mutoto na mukono, sawa mukono ingeweza. Mimi nilisimama inje ya dirisha, nikawa natukana mawingu. Natukana kweli, maneno ya kufukuzia ng'ombe. Watawa walipita, hawakunikemea.

Saa saba jua lilitoka. Saa nane midomo ikarudi.

Njo Samy akakaa na karatasi yake, akamuuliza Josiane: "Tangu lini imezidi?"

"Tangu katikati ya mwezi wa tisa."

"Kuna kitu kilibadilika nyumbani?"

Josiane akafikiri. "Hapana."

Angeweza kusema: mama ya bwana yangu alinikataza kupikia inje. Hakusema. Alinifunika. Mbele ya muganga alinifunika, na mutoto wake amelala pale na bomba ku pua.

Nikasema: "Kilibadilika. Ni mimi."

Nikaeleza yote. Sanduku, namba, karatusi mubichi, mulango. Nilieleza ya kwamba nilitaka waone, ili tupate sheminee. Samy aliacha kuandika. Josiane aligeuka, akaniangalia sawa muntu anayesoma kitu mbali.

"Mama. Kuni kavu zilikuwa juu ya dari?"

"Zilikuwa."

"Ule wakati wote?"

"Wote."

Alirudi kushika muguu ya Béata.

Tarehe 4

Anapumua. Ameomba ndizi.

Tarehe 6

Tumerudi nyumbani. Josiane alianza kukunja nguo mbele hata ya kukaa.

"Naenda kwetu Kalembe, Mama. Jiko ya mama yangu iko mbali na nyumba, ngambo ya ndizi."

"Ni vizuri. Nitakubebea muzigo."

"Hapana."

"Mpaka ku mutoni tu. Mutoto ni muzito."

"Si muzito. Amekonda." Akafunga fundo. Kisha akasema kwa sauti ileile ya kila siku, bila hasira, na njo ile iliniua: "Weye baki na sanduku yako, Mama."

Béata alinipungia mukono toka ku mugongo wa mama yake. Alizani wanaenda soko.

Tarehe 7

A 4, B 6.

Tarehe 8

A 3, B 5.

Tarehe 9

A 4, B 5. Sikuwasha. Nilikula ndizi mbivu.

Tarehe 13

Généreuse analeta sahani ya majani ya muhogo, anasimama na mimi mpaka nimalize. "Ukikufa na njaa nitapima na nani? Na wale watoto hawajui hata kusawazisha ndoo?" Nikamuambia sitaki huruma. Akasema: "Si huruma, ni sombe. Kula."

A 3, B 6.

Tarehe 19

Luc alipiga simu. Josiane amemuelezea. Kwanza nilisikia watu wa machimbo wanapiga kelele nyuma yake. Kisha akasema: "Mama, ulikuwa unafikiri nini?" Nilikuwa nafikiri Béata. Kila karatusi niliweka, nilikuwa nafikiri Béata. Sema hiyo kwa telefone, utaona vile inasikika.

Tarehe 24

A 4, B 4.

Tarehe 29

Gustave amekuja kuondoa sanduku. Nilimupa kiti, viazi hapana. Alikuwa na barua ya Goma ku tabeleti, akaisoma kwa sauti ya kanisa. Wakubwa wanashukuru. Wanasema sheria ya kumi itaangaliwa tena. Katika mvua ya mwaka ujao wataongeza kipimo kinachofuata ukubwa wa moshi.

"Konzi kwa kila ndoo," nikasema.

"Ndiyo, Mama. Kabisa vile."

"Na mvua hii?"

Alifuta kioo na mukono wa shati. "Mvua hii imefungwa na sheria ya zamani. Nyumba yako iko na siku makumi ine na moja zenye zimekubaliwa. Wastani yake ni kumi na tisa. Mwenye kujengewa alipaswa kupita makumi tatu na tano." Akageuza tabeleti upande wangu. "Imeandikwa: hewa nzuri."

"Soma tena."

"Hewa nzuri, Mama."

Nyumba ya mwalimu imepata sheminee. Ku nyumba ya mwalimu moshi ni ya wastani: inatosha kusikitisha watu, na haitoshi kuachanisha pua. Siwasemi vibaya. Wako na watoto.

Nilimuona Gustave vizuri leo. Viatu vyake vimetoboka. Mwezi wa kumi nilimuita mutoto wangu sababu nilitaka kitu, kisha nikamulaani mwezi muzima kama yeye njo alifanya sheria. Ni kijana anayebeba masanduku ya wengine juu ya mulima. Alipiga picha kurasa za namba. Akaona ya kwamba kuna maneno, akasoma kidogo, kurasa mbili ao tatu. Shingo yake ikashuka. Akanirudishia kaye na mikono miwili.

"Hii si ya proje," akasema.

Nilimuchemshia viazi. Alikula vyote.

Tarehe 9, mwezi wa kumi na mbili

Nilitoka alfajiri, nikafika Kalembe jua likiwa juu ya kichwa. Nilibeba kuku, maharagi mapya ya shamba, na triko nyekundu niliyoifuma mwenyewe, iko na mukono moja mrefu kupita mwingine.

Kayitesi, mama ya Josiane, alinipokea vizuri, zaidi ya vile nastahili. "Karibu, mukwe wangu, umechoka." Josiane alitoka nyuma ya ndizi na jembe. Alinisalimia kwa kupiga goti kidogo, vile alifanya siku zote. Amenenepa kidogo. Ile kitu ku uso wake, ile nilikuwa naita uzembe, imeondoka. Kumbe ilikuwa uchovu.

"Tate! Tate!"

Béata alinijia mbio. Mbio! Sikuwahi kumuona anakimbia vile tangu kiangazi. Aliruka, akaingiza uso wote ndani ya kitenge yangu, hapa ku tumbo, vile anapenda. Nikamushika kichwa. Nilikuwa nimesema sitalia, nikalia.

Kisha nikasikia ndani ya mikono yangu: moja. Mbili. Kikohozi kidogo, kikavu. Kisha kile kikubwa. Akaanza kuvuta hewa na mabega.

Josiane alitupa jembe, akamutoa kwangu. Alimupeleka ku upepo, akampiga mugongo pole pole, na akasema bila kuniangalia: "Mama, ni nguo zako. Zinanuka moshi."

Nikaenda ku mutoni. Kayitesi alinipa sabuni na kitenge yake safi. Nilijiosha na yale maji ya baridi mpaka ngozi ikauma, nikaosha nywele mara mbili, nikasugua mikono na muchanga sawa sufuria. Nikarudi natetemeka. Béata alikuwa amepona, akanijia tena, pole pole safari hii, sababu mama yake alimushika bega. Alinusa mukono yangu. Akakohoa.

Mimi nimepika mu ile moshi toka nilipokuwa sawa yeye. Sabuni ya Kayitesi itatoa nini?

Nikamuambia Josiane: "Mushike." Nikachukua kiti kidogo, nikaenda nikakaa kule mwisho wa kiwanja, karibu na lupango, ule uzio wa miti.

"Tate, kuya hapa!"

"Nimekuya, roho yangu. Niko hapa."

"Hapo ni mbali!"

"Si mbali. Naona mpaka lile jino lako limetoka. Nani aliiba?"

"Panya!"

"Mwambie arudishe. Vaa triko, nione."

Akavaa. Mukono moja ulifunika vidole vyote. Alicheka, akaupepea sawa bawa, akazunguka, akaanza kunieleza habari ya mbuzi ya Kayitesi yenye ilikula rozari. Josiane alikaa chini karibu naye. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu ku sante, na hakugeuza uso mbio.

Tulikaa vile mpaka jua likaanza kushuka, yeye anapiga kelele habari zake na mimi napiga kelele majibu. Kisha majani ya ndizi yakageuka. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu, sasa ukaanza kutoka kwangu kwenda kwao.

Nikasimama. Nikachukua kiti yangu, nikahamia ngambo ingine ya kiwanja.